Je, Yafaa Mtoto wa Kiislamu Kusomea Sanaa ya Kuchora?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alinijia mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, akaketi kando yangu na bahasha mkononi. Akaniambia: "Maalim, nimekuja tena." Neno hilo "tena" lilinichoma, na sababu yake nitaieleza papa hapa, kwani atakaye kuwasemesha watu haki yampasa aanze na kosa lake mwenyewe.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mzee huyo huyo alinijia kwa shauri kama hili. Kijana wake alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu kusomea sanaa: kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kuchonga na kupiga chapa. Alinipa barua niisome. Mimi sikuifungua. Nilisema pale pale: "Huko ni kufundishwa kutengeneza masanamu. Mtafutie kazi nyingine." Mzee akasema: "Umeshasema, Maalim," akaitia barua mfukoni akaenda zake. Kijana hakwenda chuo kikuu. Alifungua kibanda cha simu na kutuma pesa, na mpaka leo yumo humo, maskini, na sala zake hazimpiti.

Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu iliagiza bamba la shaba lililokatwa aya kwa mashini, likatundikwa juu ya mihrabu. Sote tulilisifu. Baada ya wiki mbili kijana yule alingoja watu watoke, akanijia na kuniambia kwa sauti ya chini: "Maalim, nukta ile haiko mahali pake. Mashini ikikata herufi, nukta huanguka kwa kuwa haikushikana na kitu, kisha fundi huibandika kwa kukisia. Iliyokuwa ya kuwa chini ya ba ameiweka juu." Nikainua macho, nikaona ni kweli: ba imekuwa nuni, na neno limekuwa neno jingine. Mimi, niliyesoma nahau na sarfu tangu utotoni, nilikuwa nimesalisha watu chini ya kosa lile kwa siku kumi na nne. Sikuliona kwa sababu aya ile naijua kwa moyo. Nilikuwa nikiisoma kwa kumbukumbu, si kwa macho. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha khati. Akasema: "Hakuna. Mimi huzitazama tu." Nikamtaka radhi kwa yale ya zamani. Akasema: "Yamekwisha pita, Maalim," akaenda kufungua kibanda chake.

Sasa mzee amekuja na barua ya pili, nayo ni ya binti yake. Safari hii niliifungua, nikaisoma kurasa zote, nikamwomba anipe muda. Haya yafuatayo ndiyo niliyomjibu, na nimeyaandika hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Kwanza yatupasa tukijue tunachokihukumu. Hii ni digrii ya onazi, na isichanganywe na zile digrii za heshima wanazovishwa wakubwa siku ya sherehe bila ya kukaa darasani hata siku moja. Digrii ya onazi hutolewa jasho. Mwanafunzi hukaa miaka mitatu huko Uingereza, na kwetu Kenya aghalabu minne. Hupimwa mkono wake na akili yake pia. Husoma historia ya sanaa za mataifa, huandika, na mwisho hutandaza kazi zake mbele ya walimu na watu wakazikosoa. Kisha hupewa daraja: ya kwanza, ya pili ya juu, ya pili ya chini, na kadhalika.

Wala tusidhani kwamba shaka juu ya ilimu hii ni yetu sisi Waislamu peke yetu. Waingereza wenyewe walisitasita muda mrefu kama kazi ya mkono yastahili daraja moja na fikihi yao ya sheria au hesabu. Katika skuli zao nyingi za sanaa mwanafunzi alitoka na diploma tu. Mwaka 1960 kamati iliyoongozwa na William Coldstream, mkuu wa skuli ya Slade ya London, ilitoa shauri kwamba sanaa ifundishwe kwa kiwango cha chuo kikuu, kwa sharti kwamba mwanafunzi asiishie kwenye brashi, bali asome pia historia ya sanaa na ilimu nyingine za kumkamilisha. Diploma mpya ikaanza 1963, na mwaka 1974 ikageuzwa kuwa digrii ya onazi. Basi sharti lililoipa kazi hiyo cheo ni kwamba mkono uwe na ilimu. Sharti hilo sisi hatuwezi kulichukia.

Sasa tuje kwenye sheria. Sitaki kuficha hadithi wala kuzipunguza makali. Zimo katika Bukhari na Muslim hadithi zinazowatishia wenye kufanya picha kwa adhabu kali siku ya Kiyama, na kwamba wataambiwa wavipe uhai walivyoviumba. Imam al-Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi twamtegemea sana, amezichukua kwa ujumla wake: kutengeneza sura ya chenye roho kwake ni haramu, iwe ina kivuli au haina. Wako wanavyuoni wengine, khasa katika madhehebu ya Malik, waliopambanua baina ya sanamu kamili lenye kivuli na picha iliyo juu ya karatasi au kitambaa. Hilo la kwanza wakaliharimisha, na hii ya pili wakaiona ni makuruhu tu. Na Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, baada ya kuzuru Sicily na kuona jinsi watu wa huko walivyohifadhi picha za kale, aliandika maneno yaliyochapwa katika al-Manar mwaka 1904, akieleza kwamba makatazo yalikuja zama ambazo picha ziliabudiwa au zilipumbaza watu, na kwamba khatari hiyo ikiondoka, sheria haiwezi kuwa adui wa njia iliyo bora katika kuhifadhi ilimu. Miaka minne baadaye, 1908, skuli ya sanaa ilifunguliwa Cairo.

Huo ndio ukhtilafu, na mimi si mtu wa kuumaliza. Lakini angalia jambo moja. Ukhtilafu wote huo ni juu ya sura ya chenye roho. Juu ya miti, maua, maji, majengo, nakshi na herufi, wanavyuoni hawa hawakukataza. Alipokuja mtu kwa Ibn Abbas, akamwambia kwamba riziki yake yatoka katika kazi ya picha, Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume (s.a.w.) mpaka mtu yule akabadilika rangi; kisha hakumwacha njiani, alimwelekeza achore miti na kila kisichokuwa na roho. Tazama hekima ya mwanachuoni wa kweli: alifunga mlango mmoja, akafungua mwingine kwa mkono wake mwenyewe, kwani alijua kwamba mbele yake yuko mtu mwenye tumbo na mwenye kipawa.

Mimi nilifunga wote miwili. Na hapa ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike. Wanavyuoni wanapoeleza kwa nini mfanya picha ametishiwa vile, husema ni kwa kuwa amejifananisha na Mwumba. Al-Musawwir ni jina la Mwenyezi Mungu, na mja hana sehemu ndani yake. Vyema. Lakini Qur'ani katika Sura ya an-Nahl imewaonya pia wale ambao ndimi zao husema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Mwenyezi Mungu uwongo. Basi yule asemaye "haramu" juu ya barua asiyoifungua, juu ya ilimu asiyoiuliza, naye amejifananisha na nani? Nilimzuia kijana asije akajifananisha na Mwumba, nami nikajifananisha na Mwenye kuweka sheria. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililo zito zaidi. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema. Na mimi niliona haya kuuliza kwa sababu nilikuwa mwalimu.

Jambo la tatu ni la pwani yetu. Twajisifu kwa vitu ambavyo hatujui tena kuvifanya. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mihrabu ina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa miladi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilikuwa ikinakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na manjano. Milango ya Lamu na zidaka za chokaa zilizonakshiwa katika nyumba zake ni miongoni mwa mambo yaliyoufanya mji huo uingizwe mwaka 2001 katika orodha ya turathi za ulimwengu. Waliofanya kazi hizo walikuwa Waislamu, wakisali, wakifunga, na wengine wakisomesha. Hakuna aliyewaambia kwamba wamepoteza dini. Walijifunza kwa kukaa na fundi miaka mingi, wakichonga na kukosea mbele yake. Leo mafundi wa namna hiyo ni wachache, na wana wao wengi wamekwenda kutafuta kazi nyingine. Tukitaka kibao cha msikiti twakiagiza kwa mashini, na nukta ikianguka hapana wa kuiona ila mwenye kibanda cha simu.

Imam al-Ghazali katika Ihya amehesabu kazi kama kilimo na ufumaji katika faradhi za kifaya, yaani mji mzima wapata dhambi ikiwa hapana hata mmoja wa kuzijua. Sisemi kwamba nakshi ni sawa na chakula. Lakini mji wa Waislamu usiokuwa na mtu wa kuandika aya sawasawa juu ya mihrabu yake una upungufu, na upungufu huo haurekebishwi kwa kuwazuia watoto wenye macho.

Nitawapa mfano wa mtu mmoja anayejulikana. Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Baba yake alikuwa maalim, na chuo cha Qur'ani kilikuwa nyumbani kwao. Huko ndiko alikojifunza herufi, na kuupamba ubao kama ilivyo desturi ya watoto wa Sudan. Baadaye alisoma sanaa Khartoum, kisha akapelekwa skuli ya Slade, London, akakaa kuanzia 1954 hata 1957, katika zama za huyo Coldstream niliyemtaja. Aliporudi alitandaza kazi zake Khartoum. Siku ya kufungua watu walikuja. Baada ya hapo hapana aliyerudi kutazama. Lau angekuwa mwenye kiburi angesema kwamba watu wake ni wajinga. Yeye alijiuliza kosa ni la nani. Akazunguka nchini mwake, akatazama kuta za nyumba, miswala, mbao za chuo na khati ambazo watu walizitundika majumbani mwao. Kisha akaanza kutia maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha zake, na watu wakaanza kusogea. Mwisho herufi zilienea picha nzima, na kazi yake ikawa ni yake. Mwaka 1975 alifungwa miezi sita bila ya hukumu. Gerezani kuchora kulikatazwa, naye alichora katika vipande vidogo vya karatasi akavizika mchangani. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilionyesha kazi za umri wake mzima.

Simtaji ili picha zake zote ziwe fatwa, kwani ndani yake zimo sura na viwiliwili ambavyo al-Nawawi asingeviridhia. Namtaja kwa mafunzo mawili. La kwanza ni la wanafunzi: chuo kikuu kilimpa mkono, lakini la kusema alilikuta katika chuo kidogo cha baba yake. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa na digrii ya daraja ya kwanza. La pili ni la wazazi: baba maalim hakuuvunja ubao ule. Angeuvunja, dini isingezidi kitu, na mtoto angepungukiwa na vyote viwili.

Sasa nije kwenye khatari, kwani sitaki mtu aseme kwamba nimegeuka kutoka ukali mmoja nikaingia ulegevu mmoja. Khatari zipo, nazo ni tatu.

Ya kwanza: katika skuli nyingi za sanaa za Ulaya, na Slade ikiwa mashuhuri kwa hilo, mtu huvua nguo akakaa mbele ya wanafunzi wamchore. Hili halina ukhtilafu kwetu. Uchi ni uchi, na jina la masomo halibadilishi hukumu yake. Mwanafunzi wa Kiislamu na aulize kabla ya kuingia, aseme wazi, na aombe somo jingine badala yake. Asipokubaliwa, basi chuo hicho si chake, na ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana.

Ya pili: sanamu kamili la mtu au mnyama. Katika hili mimi nasimama na wanavyuoni wetu. Kuna ufinyanzi wa vyombo, kuna uchongaji wa nakshi, kuna nguo, kuna khati, kuna uchapaji wa vitabu. Mlango ni mpana kuliko wadhanivyo wengi.

Ya tatu ndiyo niiogopayo zaidi, nayo haimo katika karatasi ya masomo: ni kulipenda jina. Mwenye kutengeneza kitu kizuri hupendezwa na nafsi yake, na watu wakimsifu hudhani uzuri umetoka kwake. Mafundi wetu wa zamani wengi wao hatuwajui hata majina. Chuo kikuu chafundisha kinyume: kila kazi iandikwe jina, kila jina litafute sifa. Mwanafunzi na aandike jina lake, kwani hiyo ni amana ya kazi, lakini ajue kwamba jicho alilotumia hakulifanya yeye.

Ama wale wasemao kwamba huko wavulana na wasichana huchanganyika, nawauliza: kwani katika udaktari na uhasibu hawachanganyiki? Mbona huko twawasindikiza kwa maulidi na karamu? Adabu ni ya kila mahali, na mwenye kuiacha ataiacha hata akisomea sheria. Na wale wasemao kwamba sanaa haina mshahara, hao wana haki ya kuogopa. Siwezi kumwahidi mzee yeyote kwamba mtoto wake atapata kazi. Lakini mtaala mpya wa Kenya umeifanya sanaa kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, pamoja na michezo, na njia hiyo itataka walimu. Kama walimu hao hawatakuwa katika watoto wetu, watoto wetu watafundishwa na wasiojua kwa nini sisi twaogopa sanamu wala kwa nini twapenda herufi.

Basi nilimjibu mzee hivi: "Mwache mwanao aende, kwa masharti ya uchi na sanamu niliyokutajia, na kwa sharti la tatu, kwamba asiache darasa yake ya dini huko aliko. Na akikwama katika jambo, aniulize kabla sijamhukumu." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Na yule ndugu yake, Maalim?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba deni la kijana yule liko shingoni mwangu, na nimeanza kulilipa kwa kadiri niwezavyo: kamati imemkabidhi maandishi yote ya msikiti, kwa ujira, si kwa ahsante, na kila Jumamosi baada ya Alasiri nakaa naye, yeye akinifundisha kutazama na mimi nikimfundisha sarfu. Najua kwamba hayo hayarudishi miaka kumi na mmoja.

Nawausia masheikh wenzangu, na nafsi yangu kwanza: mtu akikuletea barua, ifungue. Yaliyomo huenda yakawa haramu kweli, na hapo utasema haramu kwa ilimu na moyo wako mtulivu. Au huenda yakawa ni kipawa ambacho Mwenyezi Mungu amekiweka katika mkono wa mtoto wa jirani yako, akataka kukutazama wewe utakifanya nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona na ulimi wa kunyamaza pale tusipojua, na atusamehe tuliyoyafunga ilhali Yeye aliyafungua. Amin. Wallahu aalam.